Kabla ya Kujenga Mnara: Tafakari juu ya Nyuklia na Umeme Wetu





Katika sura ya 14 ya Injili ya Luka, Bwana wetu anawauliza makutano swali la kihasibu kabisa. Anawataka wamfikirie mtu anayetamani kujenga mnara: je, mtu huyo hataketi kwanza, apige hesabu ya gharama, ajue kama anacho cha kumalizia? Asipofanya hivyo ataweka msingi, atakwama njiani, na wapita njia watamcheka. Sisi tunaosali katika kanisa ambalo mji mzima unaliita Minara Miwili tunalisikia fumbo hili kwa sikio la pekee. Waliolijenga mwishoni mwa karne ya 19 walimaliza walichoanza, na hadi leo minara hiyo huonwa na kila aingiaye bandarini.

Mnara tunaotaka kuutafakari juma hili ni mwingine. Tangu Julai 30, 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua huko Namtumbo, mkoani Ruvuma, mtambo wa majaribio wa kuchenjua urani ya mradi wa Mto Mkuju, neno “nyuklia” limeshuka kutoka kwa wataalamu na kuingia barazani. Limefika kwenye kahawa ya Jaws Corner, limefika hata kwenye ngazi za kanisa baada ya Misa. Na sentensi inayorudiwa ni moja: “Urani tunayo, basi tujenge kinu chetu, giza liishe.” Ni sentensi tamu, fupi, tena yenye uzalendo. Juu ya sentensi hiyo ndipo tunapoandika leo, kwa kuwa tunaamini imeruka hesabu.

Tusieleweke vibaya. Wapo wanaodhani kila kinu cha nyuklia ni bomu linalongoja siku yake, na hao nao wanakosea. Kinu kinapofanya kazi hakitoi moshi. Ufaransa hupata karibu theluthi mbili ya umeme wake kwa nyuklia. Kituo cha Koeberg karibu na Cape Town kimekuwa kikizalisha umeme tangu mwaka 1984. Ndugu zetu wengi walioko Abu Dhabi na Dubai wanapata sehemu ya umeme wao kutoka Barakah, ambako kinu cha nne kilianza kutoa huduma mwaka 2024. Hatuna ugomvi na atomu, ambayo nayo ni kiumbe cha Mungu. Ugomvi wetu ni na watu wanaotaka kujenga kabla ya kuketi.

GIZA LILITUFUNDISHA NINI?

Mwaka 1980, mwaka ule ule Zanzibar ilipofanywa kuwa jimbo, Unguja iliunganishwa na Bara kwa kebo ya umeme iliyolazwa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Kwa muda wa karibu miaka thelathini kisiwa kizima kilining’inia kwenye kamba hiyo moja. Mei 21, 2008 umeme ukakatika, tukakaa gizani hadi Juni 18. Desemba 10, 2009 ukakatika tena, na safari hii haukurudi hadi Machi 2010. Miezi mitatu! Noeli ya mwaka ule iliangukia gizani, na Jumatano ya Majivu, Februari 17, ikatukuta tungali gizani.

Wenye umri wa kukumbuka wanakumbuka. Pampu za maji zilisimama kwa kukosa umeme, mifereji ikakauka, na akina mama na watoto wakapanga foleni visimani na ndoo zao, Mkristo nyuma ya Mwislamu na Mwislamu nyuma ya Mkristo. Wenye uwezo waliwasha jenereta, na vichochoro vya Mji Mkongwe vikajaa mngurumo na harufu ya dizeli. Muuza samaki alikosa barafu. Mshonaji mwenye cherehani ya umeme aliketi barazani, mikono mapajani. Giza lile halikuwa sawa kwa wote. Kwa tajiri lilikuwa gharama ya mafuta; kwa maskini lilikuwa njaa.

Sasa tuulize bila kupepesa macho: je, katika miezi ile Tanzania haikuwa na mitambo ya kuzalisha umeme? Ilikuwa nayo. Ni kweli kwamba Bara nako kulikuwa na mgawo wa mara kwa mara, lakini si mgawo huo uliotuzima sisi. Kilichotuzima ni kutegemea njia moja tu, isiyokuwa na mwenzake wa kuipokea mzigo ilipochoka. Lau ng’ambo ya mlango wetu wa bahari kungekuwa na vinu kumi vya nyuklia vinavyofanya kazi usiku na mchana, Unguja ingelala katika giza lile lile, kwa usiku ule ule wote. Hilo ndilo somo tulilolipia kwa miezi mitatu, na linatushangaza jinsi tulivyolisahau upesi.

Dawa ilipokuja haikuwa mnara mkubwa. Ilikuwa kebo ya pili, yenye uwezo wa megawati 100, iliyojengwa kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani na kukamilika mwaka 2013. Wenzetu wa Pemba, waliokuwa wakitegemea jenereta za dizeli, nao waliunganishwa na Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norway. Vitu hivi havina fahari. Havipigwi picha wala havitajwi na jirani kwa wivu, kwa kuwa vimelala chini ya bahari. Lakini ndivyo vilivyorudisha maji katika mifereji.

Na Bara kuna somo linalofanana na hilo. Mwezi Machi 2024, baada ya mitambo ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji kuanza kazi, TANESCO ilieleza kwamba vituo vitano vya umeme wa maji vimezimwa kwa sababu umeme umezidi mahitaji. Siku chache baadaye, Aprili 1, Jumatatu ya Pasaka, hitilafu ya gridi ya taifa ikatia sehemu kubwa ya nchi gizani. Bwawa hilo, lenye uwezo wa megawati 2,115, limekwisha kukamilika. Nchi inayozima mitambo kwa wingi wa umeme, kisha ikakaa gizani ndani ya majuma machache, ugonjwa wake wa kwanza si uchache wa mitambo. Ugonjwa wake uko katika nyaya, vituo vya kupozea umeme, matengenezo na usimamizi. Mwenye mtungi unaovuja haongezewi maji; huzibiwa ufa.

HESABU YA MNARA

Tuketi basi, kama Bwana alivyoagiza, tuhesabu mambo matatu.

Kwanza, urani si umeme. Inayotoka mgodini na kuchenjuliwa bado haifai kuingia kinuni. Ni lazima irutubishwe, kisha itengenezwe kuwa nishati, na kazi hizo hufanywa na mataifa machache tu. Kwa hiyo yule asemaye “urani tunayo” anasema kweli nusu. Sisi wa visiwa vya karafuu tunapaswa kulielewa hili kuliko watu wote: kuwa na mkarafuu shambani si kuwa na kiwanda cha dawa ya meno. Tungeuza ghafi kwa bei ya mnunuzi na kununua nishati iliyotengenezwa kwa bei ya muuzaji. Uhuru gani huo?

Pili, ukubwa. Wahandisi wana kanuni ya kawaida kwamba mtambo mmoja usizidi takriban sehemu moja ya kumi ya gridi unayoihudumia, ili ukizimika ghafla usiangushe nchi nzima. Kinu cha kawaida cha nyuklia hutoa megawati 1,000 au zaidi, na mahitaji ya juu ya gridi yetu yote yako karibu na megawati 2,000. Ni kama kuweka mlingoti wa jahazi kwenye ngalawa. Watatuambia kuna vinu vidogo vya kisasa. Vipo, lakini vinavyofanya kazi duniani leo vinahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na si hekima kwa maskini kuwa wa kwanza kujaribu dawa ambayo matajiri hawajamaliza kuijaribu.

Tatu, deni. Hapa tunaomba msomaji asafiri nasi hadi Ufilipino, nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko nyingine yoyote ya Asia. Mwaka 1976, chini ya utawala wa Rais Ferdinand Marcos, ulianza ujenzi wa kituo cha nyuklia cha Bataan, cha megawati 621. Kiligharimu zaidi ya dola bilioni 2 za Marekani. Kilipokuwa tayari, Marcos aling’olewa na umma mwezi Februari 1986, watu wakiwa na rozari mikononi. Na Aprili 26 ya mwaka huo huo kinu cha Chernobyl kikalipuka. Serikali mpya ikakifungia kituo cha Bataan. Hakijawahi kuwasha hata taa moja ya nyumba ya mvuvi. Lakini deni halikufungiwa. Wafilipino walilipa mwaka baada ya mwaka, hadi mwaka 2007. Mtoto aliyezaliwa ujenzi ulipoanza alikuwa na umri wa zaidi ya miaka thelathini deni lilipokwisha, na alililipia umeme ambao hakuuona.

Huo ndio mnara wa Injili, umesimama hadi leo ukiitazama bahari. Tofauti ni kwamba katika Injili anayechekwa ni mwenye mnara. Katika mambo ya mataifa mwenye mnara huondoka, na anayebaki kulipa ni yule ambaye hakuulizwa.

ALIULIZWA NANI?

Swali hilo, aliulizwa nani, ndilo hasa linalotukosesha usingizi, kwa kuwa historia ya karibu haitupi matumaini mengi. Mwaka 2013 watu wa Mtwara waliandamana juu ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Walitaka kujua jambo moja: gesi ikiondoka, sisi tunabaki na nini? Badala ya jibu la mapema na la heshima palikuja vurugu, na watu wakapoteza maisha. Huko Namtumbo, ili mgodi wa urani uwezekane, mpaka wa Pori la Akiba la Selous, ambalo ni urithi wa dunia, ulirekebishwa kwa idhini iliyotolewa na UNESCO mwaka 2012. Tunasoma mengi juu ya idhini za wakubwa. Sauti ya mkulima na mvuvi wa mto, ambaye wajukuu wake watakunywa maji ya bonde lile baada ya mgodi kufungwa, tunaisikia kwa shida.

Na katika pwani yetu hii hii ya Waswahili, kijiji cha Uyombo katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya kilichaguliwa kuwa mahali pa kinu cha kwanza cha nchi hiyo. Wanakijiji na wavuvi wakakataa, wakihofia bahari yao, mikoko ya Mida na msitu wa Arabuko Sokoke ulio jirani. Mwaka 2024 waliandamana na kukabiliwa na polisi. Mwaka 2025 macho ya serikali yakageukia Siaya, kando ya Ziwa Viktoria. Hatusemi kila aliyepinga alikuwa na hoja sahihi za kisayansi. Tunasema kwamba mtu anayeijua habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu hawezi kuona ni jambo dogo mfalme anapotamani ardhi ya mnyonge na kuanza kutafuta namna.

Tena kuna mzigo usioisha na kizazi kimoja. Mabaki ya kinu hubaki na mionzi ya hatari kwa maelfu mengi ya miaka. Finland, nchi tajiri na yenye utaratibu, imechimba mahandaki katika mwamba zaidi ya mita 400 chini ya ardhi ili kuyazika. Sisi ambao taka za sokoni hutushinda kila mvua za masika zinapofika, tujiulize kwa unyenyekevu kama tuko tayari kulinda taka za aina hiyo kwa ajili ya watu ambao hata lugha yao hatuijui.

KANISA LINASEMA NINI?

Tutakuwa wadanganyifu tukisema Kanisa limeharamisha nyuklia. Kiti Kitakatifu kilikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki mwaka 1957. Maaskofu wa Japani, Novemba 2011, miezi minane baada ya maafa ya Fukushima, walitaka vinu vya nchi yao vifungwe mara moja. Papa Fransisko, akirejea kutoka Japani Novemba 2019, alisema kama maoni yake binafsi kwamba asingetumia nishati hiyo hadi pawe na usalama kamili. Mkatoliki mwaminifu anaweza kupima mambo haya na kufikia hukumu iliyo tofauti na yetu.

Lakini katika jambo moja Kanisa halisitasiti. Katika Waraka wa Laudato si’, wa mwaka 2015, Papa Fransisko anafundisha kwamba mradi wowote unaogusa mazingira upimwe kwa uwazi kabla haujaanza, na kwamba wakazi wa mahali penyewe wapewe nafasi ya pekee mezani, maana wao hufikiri juu ya watoto wao na si juu ya faida pekee. Hii ni mizizi ya Mafundisho Jamii ya Kanisa: manufaa ya wote, na kanuni ya auni, yaani lile linaloweza kufanywa vyema na familia, kijiji au kisiwa lisinyang’anywe na mkubwa wa mbali.

WATATUAMBIA

Watatuambia: “Padre, kaa na altare yako, umeme waachie wahandisi.” Tunawaheshimu wahandisi, na tunawaombea. Lakini bei ya umeme, ardhi ya Namtumbo na deni la wajukuu si mambo ya kihandisi. Ni mambo ya haki, na haki ina nafasi altareni.

Watatuambia: “Mabadiliko ya tabianchi yanatumaliza, bahari inapanda, na ninyi mnakataa nishati isiyo na moshi.” Hoja hii ina uzito, hasa kwetu wa visiwani, na hatuidharau. Jibu letu ni kwamba kinu cha nyuklia huchukua miaka kumi au zaidi tangu kuamuliwa hadi kuwasha taa, na jua la Makunduchi limekwisha kuchomoza asubuhi ya leo. Mwaka 2023 Zanzibar ilitia saini makubaliano ya umeme wa jua yaliyotajwa kufikia megawati 180. Hapo Kinyasini, katika chuo cha Barefoot, akina mama wa vijijini, wengine wasio na elimu kubwa ya darasani, wamekuwa wakifundishwa kuunda na kutengeneza taa za sola na kurudi kuwasha vijiji vyao. Jua nalo linahitaji betri, ardhi na fedha; hatuliuzi kama muujiza. Lakini likiharibika, mama wa Kinyasini analitengeneza. Kinu kikiharibika, tutampigia nani simu, na kwa lugha gani?

Watatuambia: “Mataifa makubwa yote yana nyuklia.” Hapa ndipo roho ya sentensi ile inapofichuka. Sultani Barghash alijenga Beit al-Ajaib mwaka 1883, na linasimuliwa kuwa jengo la kwanza kuwa na umeme Zanzibar. Umeme ulianzia kasri, na vijiji vingi vya shamba vikangoja miaka mia. Siku ya Noeli 2020 sehemu ya jengo hilo ilianguka kabisa. Nyumba ya maajabu nayo huanguka isipotunzwa. Hatuhitaji ajabu jingine. Tunahitaji mama wa Donge apike bila kukohoa moshi wa kuni. Mwaka 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Huo ndio mnara tunaotaka umalizwe kwanza.

TUFANYE NINI?

Tunaomba mambo yafuatayo yajadiliwe katika Jumuiya Ndogo Ndogo juma hili. Tuwaulize wawakilishi na wabunge wetu, kwa adabu na bila woga: mikataba ya urani na ya nishati itawekwa wazi lini, kwa Kiswahili tunachokielewa? Kebo yetu ya mwaka 2013 inatunzwaje, na ya kuisaidia itakuja kabla au baada ya giza jingine? Mapaa ya makanisa na shule zetu yanapigwa jua mwaka mzima. Je, sisi wenyewe tumeweka nini juu yake?

Na tujihesabu pia sisi. Anayechezea mita ili asilipe anamwibia jirani yake, na asije akadhani kwamba kuliimba neno “tukuza” kanisani kunafuta deni la Tukuza ya nyumbani. Taa inayowaka chumba kitupu usiku kucha ni mfuko uliotobolewa na mkono wetu wenyewe.

Siku Tanzania itakapoketi kweli, ikahesabu, ikawaita Namtumbo na Unguja mezani, ikaonyesha nani atalipa na nani atalinda mabaki, kisha ikasema kwa uwazi kwamba nyuklia inafaa, sisi tutakuwa wa kwanza kusikiliza. Hadi siku hiyo, tutaendelea kuuliza lile swali la Bwana wetu, hata kama linawaudhi wenye haraka.

Tuwaombee viongozi wetu hekima, wahandisi wetu uaminifu, na ndugu zetu wa Namtumbo haki yao. Mama Maria, Nyota ya Bahari, uwasindikize wavuvi wetu usiku, na utufundishe kuitunza taa ndogo tuliyonayo.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.